Jinsi nilivyofufua mashine kuukuu za darasa langu Ngamiani kwa seva moja

Mi nina steshenari hapa Tanga, Ngamiani, mbele tunaprinti na kutoa kopi, nyuma ndo darasa la kompyuta. Mashine zote za mtumba kutoka Kariakoo, na kila moja ilikuwa na dunia yake, hii Windows XP, ile Windows 7, hii ina programu ya kuandikia ile haina, kijana anakuja na fleshi yake ina virusi, kesho yake darasa zima lina virusi. Alafu zile diski za ndani (hard disk) zinakufa tu zenyewe, na ikifa inaondoka na kazi ya mtu. Kuna dada alikuwa anaandaa maombi ya kazi, barua na wasifu, vyote vikapotea siku mbili kabla ya mwisho wa kutuma, tukaanza upya naye mpaka usiku. Iliniuma sana.

Nikaangalia muda wangu unaishia wapi, sio kwenye kufundisha, ni kwenye kutengeneza. Ndo nikaamua kung'oa hizo diski zote na kuziwasha mashine kutoka kwenye seva moja, yaani kompyuta moja inayohudumia zingine zote.

Nilitumia LTSP, ni mradi wa bure wa Linux (mfumo wa kuendesha kompyuta, kama ilivyo Windows) ulioanzishwa na Jim McQuillan mwaka 1999. Inafanya kazi hivi: unaingia kwenye BIOS, ile sehemu ya mipangilio kabla mfumo haujawaka, unaiambia mashine iwake kwa kadi ya mtandao, ile kadi inapiga kelele kwenye waya kuuliza nani anipe anwani, seva inaijibu na kuitajia faili la kuanzia, mfumo mzima unakuja kwa waya, na baada ya muda kidogo mwanafunzi anaona sehemu ya kuandika jina na paswedi. Ukifungua boksi lake ndani kuna feni, ram na vumbi, basi. Kazi zote zinakaa kwenye seva, kwahiyo mtoto akihama kiti leo na kesho anakuta faili zake palepale.

Jirani yangu mmoja mzee, zamani alifanya kazi kwenye chumba cha kompyuta Dar, alipita kuangalia. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, "Marahaba mwanangu. Sasa hizi hazina kitu ndani, akili iko wapi?" Nikamwonyesha seva ilipo kabatini. Akasema, "Basi hii ndo yetu ile." Akanihadithia kadi za kutoboa, vile vikaratasi vigumu walivyoandikia programu kwa matundu, kila kadi safu 80, programu moja ni rundo zima, na walikuwa wanachora mstari wa mshazari kwa kalamu ubavuni mwa rundo ili likidondoka wajue kuzipanga, mstari ukikatika tu kuna kadi haiko mahali pake. Unapeleka rundo lako dirishani unasubiri majibu kesho. Na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, zikabaki zile zile chache.

Na ni kweli, mwanzo mambo yote yalikuwa sehemu moja kwa sababu mashine ilikuwa ghali kuliko kitu chochote ofisini. Mwaka 1961 pale chuo cha MIT Marekani, Fernando Corbató na wenzake wakaonyesha CTSS, watu kadhaa wanatumia kompyuta moja kwa wakati mmoja, kila mtu anakatiwa kipande kidogo cha muda mpaka anajiona yuko peke yake. 1964 IBM wakatangaza System/360, familia ya kompyuta kubwa za ofisi. Baadae chip zikashuka bei, 1977 ikaja Apple II, 1981 IBM PC, kila mtu na yake mezani, raha, ila faili zikatawanyika na kila meza ikahitaji fundi. Mwaka 2006 Amazon wakaanza kukodisha seva zao kwa mtu yeyote, mambo yakarudi tena sehemu moja, mbali zaidi. Watu wanasema ni fasheni inazunguka, mi naona kila safari walikuwa wanakimbia kitu kilichokuwa ghali wakati ule. Kwangu cha ghali ni muda wa fundi, kwa sababu fundi ni mimi.

Sasa kabla ya kufunga darasa zima nilipiga hesabu ya waya. Kama programu zinaendeshwa kwenye seva, kila picha ya skrini lazima isafiri. Skrini ya 1024 kwa 768 yenye rangi kamili ni kama megabaiti 2.4 kwa picha moja, video inataka picha 25 kwa sekunde, na baiti moja ni biti nane, hapo ni karibu megabiti 470 kila sekunde kama hujaibana, na swichi yangu, kile kiboksi kinachounganisha waya za mashine zote, ilikuwa ya megabiti 100. Kuandika barua sawa kabisa, maana skrini haibadiliki sana, lakini mtoto mmoja akifungua video darasa zima linaganda. Nilijaribu kwa mashine chache, ikawa hivyo hivyo.

Kwahiyo nikagawa. Mashine zenye ram ya giga 2 na kuendelea zinachukua mfumo kutoka kwenye seva, ila programu zinaendeshwa palepale mezani kwa prosesa yao wenyewe, seva inabaki kutunza faili tu. Zile za megabaiti 512 zikabaki kama teminali za zamani, yaani skrini na kibodi tu huku programu zinaendeshwa kwenye seva, hizo ni za kujifunzia kuandika. Hapa ndo darasa lilipokaa sawa, na mashine mbili nimeziacha na Windows pembeni kwa wanaotaka Excel yenyewe, wazazi wanaulizia sana hilo.

Kilichobaki ni umeme, na huku ukikatika haukuagi. Seva ikizima wote wamezima, hakuna ujanja. Nikaweka UPS, betri ya kushikilia umeme ukikatika, kwa seva na swichi, alafu mashine nyingine ikawa seva ya akiba, kila usiku inanakili faili zote kwa programu ya rsync, ikitokea kubwa imekufa nahamisha waya tunaendelea. Vitu vya maana kama wasifu na vyeti napeleka nakala wingu pia, yaani kwenye seva za mbali kwa intaneti, usiku kwenye bando la usiku. Enzi za kabla ya mkonga wa intaneti wa baharini wa SEACOM kufika Dar mwaka 2009 hilo nisingelifikiria kabisa.

Kuna kijana wa Muheza ananiuliza anunue nini kwanza kwa darasa lake, nimemwambia aanze na swichi ya giga na kadi nzuri ya mtandao kwenye seva, ram ifuate, na kabla hajalipia mashine yoyote ya mtumba aiwashe palepale dukani aingie BIOS aone kama ina PXE, ndo ile ya kuwaka kwa kadi ya mtandao.