Jinsi tulivyoiondoa "ari nzuri" kwenye fomu ya mtahini

Nimefundisha askari miaka mingi, lakini kozi iliyonifunza zaidi ilikuwa ya wakufunzi wenyewe. Walikuwa 16, wengi masajenti na makoplo, na juu yao meja mmoja. Kazi yao ilikuwa kupima seksheni, yaani vikundi vidogo vya askari, zinazojiandaa kwenda kulinda amani.

Fomu waliyoizoea ilikuwa na maneno manne: ari, nidhamu, umakini, ushirikiano. Kila neno linapewa alama 1 hadi 10. Siku ya kwanza sikufundisha kitu. Niliwapeleka porini waitazame seksheni moja ikimtoa majeruhi hadi barabarani, kila mtu ajaze fomu yake bila kuongea. Kwenye "ushirikiano" alama zilianzia 4 hadi 9. Seksheni ileile, zoezi lilelile.

Nikamuuliza sajenti aliyetoa 9: umeona nini?

"Walikuwa na ari, afande."

Umeona nini kwa macho?

Akanyamaza kidogo. "Walipobadilishana machela, hakuna aliyeitwa. Kila mmoja alijua zamu yake."

Nikamwambia hilo ndilo aliandike.

Tukaanza na askari mmoja mmoja, maana huko ni rahisi. Kipimo kinataka mambo matatu: kazi yenyewe, mazingira ya kuifanyia, na kiwango cha kufikia. Tulichukua kufunga mkanda wa kuzuia damu pajani. Wengi waliandika "afunge haraka na vizuri". Koplo mmoja akajitolea, akajifunga kwa sekunde 35, wenzake wakapiga makofi. Nikabonyeza juu ya unyayo wake: mapigo yalikuwa bado yanagonga vidoleni mwangu. Kama lingekuwa jeraha la kweli, damu ingeendelea kumwagika chini ya mkanda uliofungwa kwa kasi. Kipimo kikaandikwa upya: amelala chini, gizani, anajifunga mwenyewe, mkanda uko upande wa juu wa jeraha, kuelekea kiunoni, na si kwenye kiungo, ndani ya dakika moja mapigo ya mguuni yamekoma, saa ya kufunga imeandikwa. Kila kipengele ni ndiyo au hapana.

Ugumu ulikuja kwenye timu. Tulichukua askari wanne ambao kila mmoja alifaulu vipimo vyake vyote, tukawapa majeruhi. Mkanda ulifungwa sawasawa, redio ikapigwa sawasawa, machela ikabebwa sawasawa. Kufika kwenye gari, mpokeaji akauliza mkanda umefungwa saa ngapi. Maandishi yalikuwa yamefutika kwa jasho, aliyefunga alikuwa amebaki nyuma kwenye lindo, na hakuna mwingine aliyeambiwa. Mtu mmoja mmoja wote walifaulu. Timu ilishindwa, na fomu zetu hazikuwa na mahali pa kuandika hilo.

Hapo niliwasimulia habari ya manowari ya Marekani, USS Vincennes, iliyoitungua ndege ya abiria ya Iran Julai 1988 na kuua watu 290. Baada ya msiba ule jeshi la majini la Marekani lilifanya utafiti wa miaka kadhaa kuhusu namna timu inavyoamua mambo ikiwa imebanwa, na wataalamu wake wakawa wanaangalia mambo manne: kupashana habari, namna ya kusema, kusaidiana, na kuongoza. Mambo hayo hayaonekani yakisubiriwa tu. Ni lazima zoezi liyalazimishe yatokee. Kwa hiyo tulipanga matukio. Dakika ya 12 mtahini anamgusa kamanda begani: "Umepigwa, lala." Kisha tunaandika: nani ameshika uongozi, ametamka kwa sauti au la, baada ya sekunde ngapi, kituo kimejulishwa au hakikujulishwa.

Kila tukio lilikuwa na watahini wawili. Mwanzoni masajenti walikuwa wakichungulia karatasi ya meja kabla ya kuandika yao, na hilo lilinisumbua kuliko makosa yote ya fomu. Nikaweka utaratibu: karatasi zote zinafunikwa, na wa cheo cha chini anasoma kwanza. Wakitofautiana, hatubishani nani ameona vizuri. Tunabadilisha maneno ya kipimo mpaka wawili waone kitu kimoja. Namshukuru meja yule. Siku ya tatu koplo alisoma "hapana" pale yeye alipoandika "ndiyo", akatafakari, akasema, "Koplo yuko sahihi, mimi nilikuwa natazama redio."

Fomu iliyobaki ilikuwa na mistari 9 tu. Lakini meja hakutaka kabisa neno ari lifutwe. Alisema ameona vitani timu zenye ari na zisizo nayo, na tofauti ni ya uhai. Nikamwamini, nikamuuliza swali lilelile nililomuuliza sajenti. Alikaa na kalamu yake mapumziko yote ya chai. Aliporudi alikuwa ameandika hivi: "Kwenye mita 200 za mwisho, askari mwenye nguvu anapokea mkono wa machela kwa aliyechoka kabla hajaombwa."

Tukaufanya mstari wa 10.