Foleni ya Kimara ilivyonidanganya

Malalamiko yalikuwa yaleyale. Ikifika saa moja asubuhi, Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara hadi Magomeni, bando lipo, vijiti vya mtandao vimejaa hadi juu, lakini picha ya WhatsApp inazunguka tu. Niko kitengo cha redio, yaani mawimbi ya minara, cha kampuni moja ya simu hapa Dar es Salaam, na mzigo huo ukaniangukia mimi.

Kila mtu alisema ongezeni minara. Mnara ni ghali, na ukipita pale saa nne seli, yaani maeneo yanayohudumiwa na kila antena ya mnara, zimeshapoa, zinazolemewa ni za Posta na Kariakoo. Watu ni walewale, wamehama. Nikijua robo saa kabla kwamba wanakuja, naweza kuzipanga seli mapema, simu zisirundikane kwenye mawimbi ya masafa ya chini huku ya masafa ya juu yakiwa matupu.

Sikuhitaji kumfuata mtu yeyote, na nisingekubali. Simu iliyotulia mfukoni huwa kimya, mtandao unajua eneo lake kwa upana tu. Ila mwenye simu akiwa anaongea au anapakua kitu, kila akivuka seli moja kwenda nyingine mtambo unahesabu hendova. Idadi tu, bila namba ya mtu, na kwetu hujumlishwa kila dakika 15. Nikachukua idadi ya kila jozi ya seli jirani, nikailinganisha na siku kama hiyo wiki zilizopita. Wanaoondoka Kimara robo hii ndio watakaoilemea Ubungo robo ijayo.

Asubuhi ya kwanza niliaibika. Programu ya hesabu hizo iliona umati unamiminika kutoka Kimara, nikaiandalia nafasi Ubungo. Ubungo haikuja mtu, Kimara ikazidiwa.

Kesho yake saa kumi na mbili na nusu nilikuwa kituo cha mwendokasi Kimara Mwisho, simu ya majaribio mkononi. Foleni imejikunja. Sijasogea hata hatua, simu ikahamia seli ya pili, ikarudi ya kwanza, ikaenda tena. Basi likisimama mbele yetu, inahama, likiondoka, inarudi. Mzee aliyekuwa nyuma yangu akaniambia, "Mwanangu, basi haliji kwa kuitumbulia macho simu."

Kituo kile kipo mpakani pa seli mbili zinazosikika sawasawa. Watu waliosimama kwenye foleni mimi nilikuwa nawahesabu kama msafara!

Nikaanza kutoa: hendova za kwenda, ukiondoa za kurudi. Kinachobaki ndicho safari ya kweli. Zikiwa nyingi pande zote mbili na kinachobaki ni kiduchu, hapo kuna foleni, na nafasi inabaki Kimara. Pia niliongeza kidogo tofauti ya nguvu ya mawimbi ya seli mbili inayotakiwa kabla simu haijahama. Malalamiko ya Kimara yalipungua ndani ya wiki hiyo, ya Manzese yakachukua muda zaidi.

Kilichonishinda ni mvua. Bonde la Jangwani likijaa maji, mwendokasi haupiti, watu wanakwama Magomeni, na hesabu za wiki iliyopita hazina kazi. Kwa hiyo msimu wa masika naamka saa kumi na moja. Nikisikia mvua inapiga bati la jirani, naizima programu, naziangalia seli kwa macho yangu.