Jioni ya Kulehemu

"Mama, nani alizitoboa hivi?" Binti yangu alikuwa ameziinua hereni zangu za fedha dirishani, anachungulia mwanga kupitia vitundu vyake. Nikamwambia hakuna aliyetoboa. Zimefumwa kwa uzi wa fedha, na vitundu ni nafasi zilizobaki. Hakuniamini. Tangu hapo namwaza Fundi, aliyenifundisha kazi hii.

Habari ya kuvuta waya nitaipita haraka. Fedha hupitishwa kwenye bamba la chuma lenye matundu, kutoka kubwa hadi dogo, na kila ikikakamaa hupashwa moto ilegee. Nyuzi mbili husokotwa pamoja, zikabanwa ziwe bapa, ukingo ukabaki na vijino. Nikazikunja kwa kibano kuwa maua, nikayapanga ndani ya fremu ya waya mnene.

Jioni ya kulehemu, Fundi alifunga madirisha akazima taa. Kwenye mwanga mkali huwezi kuona fedha inapoanza kuiva. Gizani wekundu wake hafifu hujitokeza. Akanyunyiza unga wa lehemu uliochanganywa na boraksi, chumvi inayoisaidia lehemu itiririke, kisha akanikabidhi moto.

"Usiutazame moto, mwanangu. Itazame fedha."

Nilianza kwenye fremu, maana uzi mwembamba hushika joto upesi. Fedha safi huyeyuka kwenye nyuzijoto 962, na lehemu ni fedha iliyotiwa shaba na zinki ili iyeyuke mapema. Kazi yote imo katika nafasi hiyo ndogo. Boraksi ikavimba, ikatulia, ikatandaa. Wekundu ukatambaa kutoka ukingoni. Ghafla mstari unaong'aa ukakimbia katikati ya nyuzi, ukaingia kila kiungo, ua baada ya ua. Nilisahau kupumua.

"Toa!"

Nikauondoa moto. Kuchelewa kidogo tu, maua yote yangegeuka tone moja.

Akaitumbukiza kwenye asidi iliyozimuliwa, ikatoka nyeupe kama chokaa. Akaigeuza mbele na nyuma, akaiweka pamoja na za kwake. Hakusema nzuri wala mbaya.

Siku hizi hereni nyingi za namna hii humiminwa kwenye kalibu. Zigeuze nyuma: uzi hauna msokoto, kingo zimeviringana. Ni nafuu, na simlaumu anayezinunua. Lakini inaniuma kwamba aliyezitengeneza hakuiona fedha ikikimbia gizani. Sijui kama hiyo ni sababu tosha ya mtu kujifunza kazi inayokula macho kiasi hiki. Mimi ilinitosha, ila wakati ule nilikuwa na macho ya ujana.