Siku yangu moja ya kuuza tiketi za ndege hapa Tanga

Saa 12 asubuhi nishaamka, mahamri na mbaazi fasta fasta, alafu bajaji mpaka Ngamiani, saa mbili kasoro nafungua ofisi.

Saa 2 anaingia kaka mmoja ana kikao Dar, swali ndo lile la kila siku, "ni kilometa ngapi na natumia muda gani?" Hili swali nalipenda sana jamani. Toka uwanja wetu mpaka Julius Nyerere kwa mstari ulionyooka ni km kama 200 tu, basi linakula kama 350, maana barabara inakupeleka bara kwanza mpaka Segera, ndo uteremke Chalinze, ndo urudi tena pwani. Ndege yenyewe inafuata pwani tu kwenda kusini. Hizi pangaboi ndogo zinakimbia kama km 300 kwa saa kwahiyo ukipiga hesabu unapata dakika 40, ila tiketi itaandika zaidi kidogo kwasababu muda wake unahesabiwa toka ndege inapoanza kutembea pale chini mpaka inapopaki kule, na msimu wa kusi upepo unaikaba kwa mbele, unaongeza dakika kadhaa. Na kama inapitia Zanzibar ndo kabisa, uliza kabla hujalipa.

Saa 4 mteja wa Pemba. Km 85 hivi, dakika kama 20, huyo hakuwa na maneno.

Saa 5 akaja bi mkubwa na kijana wake, anaenda Muscat kwa binti yake aliyejifungua. Shikamoo, marahaba mwanangu, tukakaa. Tiketi inaonyesha kuondoka Dar 16:30 kufika 23:00, kijana akatoa akasema masaa sita na nusu. Hapana, ni matano na nusu, Muscat wako mbele yetu saa moja na kila uwanja unaandikwa saa ya kwake. Ila kilichonitia wasiwasi ni basi, Tanga Dar ni masaa sita na foleni juu, na uwanjani anatakiwa awepo masaa matatu kabla. Yaani km 350 za lami zinamchosha kuliko km karibu 4,000 za angani! Nikamwambia mama, nenda Dar siku moja kabla ulale kwa ndugu, mtu mzima asikimbizane na geti. Akakubali.

Mchana wali na samaki, kazi haba.

Saa 11 jioni nafunga. Saa 2 usiku kijana wasapu, ameona tiketi ya kurudi, Muscat 09:00 Dar 13:30, mbona masaa manne na nusu? Safari ni ileile kaka, wakati wa kurudi ile saa moja anarudishiwa. Nikamwandikia upya, saa tatu asubuhi ya Muscat, saa saba na nusu mchana ya Dar, ili wa kumpokea asichelewe.