Mkataba wa kubadilishana sarafu: leo una thamani gani?

Tuchukue mfano wa Kenya, Januari 2024, dola ilipokuwa kwenye shilingi 160. Kampuni ya chai inauza kwenye mnada wa Mombasa, ambako bei ni za dola, lakini mkopo wake ni shilingi milioni 800 kwa 16%. Kampuni nyingine inaagiza vipuri. Imekopa dola milioni 5 kwa 6%, na wateja wake wanalipa shilingi. Zinabadilishana mikopo kwa miaka 3: wa chai atalipa riba ya dola, wa vipuri ya shilingi, na mwisho kila mmoja anarudisha fedha alizopokea.

Sasa tuseme ni Januari 2025. Malipo ya kwanza yamekamilika, imebaki miaka 2, na dola imeshuka hadi karibu 130. Mkataba ni wa thamani gani kwa wa chai?

Hesabu kila upande kama hatifungani: punguza kila malipo yajayo kwa riba ya soko ili upate thamani yake ya leo. Nimechukua riba za soko 13% kwa shilingi na 5% kwa dola. Shilingi atakazopokea: riba ya milioni 128 ÷ 1.13, yaani 113.3, na riba pamoja na fedha za msingi, milioni 928 ÷ 1.2769, yaani 726.8. Jumla milioni 840.0. Dola atakazolipa: 300,000 ÷ 1.05, na 5,300,000 ÷ 1.1025. Jumla 5,092,970, ambazo kwa 130 ni shilingi milioni 662.1. Tofauti ni milioni 177.9. Wa chai anadai, wa vipuri anadaiwa.

Makosa ni yaleyale kila mara. Mtu anatumia 16% na 6% za mkataba badala ya riba za leo, na jibu linabeba mabadiliko ya bei ya dola tu. Mwingine anatumia riba moja kwa sarafu zote mbili. La hatari zaidi ni kusahau fedha za msingi za mwisho, maana ndizo zilizobeba sehemu kubwa ya uzito wa kila upande. Ukithamini katikati ya mwaka, punguza kwa kufuata siku halisi zilizobaki, usizungushe kuwa mwaka mzima.

Hakiki kwa njia ya pili. Bei ya mbele ya dola, yaani inayokubaliwa leo kwa mabadilishano ya baadaye, kwa mwaka mmoja ni 130 × 1.13 ÷ 1.05 = 139.9, kwa miaka miwili, 150.6. Badili dola za kila mwaka kwa bei hizo, toa kwenye shilingi za mwaka huohuo, kisha punguza kwa 13%. Utapata 76.1 na 101.8, yaani 177.9 tena. Zikitofautiana, kuna riba uliyoikosea mahali. (Benki ikikupa bei za mbele tofauti na hizi, fuata za benki, soko halifuati kanuni kila siku.)

Kati ya milioni 177.9, takriban 152.8 zimetokana na dola kushuka kutoka 160. Zilizobaki ni za riba. Bodi ya wa vipuri isitishike na hasara hiyo bila kuangalia upande wa pili: mkopo wake wa dola nao umepungua uzito kwa shilingi.

Kwa wa chai, IFRS 13, kiwango cha kimataifa cha uhasibu kuhusu kupima thamani, inataka uwezekano wa mwenzake kushindwa kulipa uingie kwenye thamani. Ukikadiria 4%, na ukiona utapoteza 60% ya deni, punguza takriban milioni 4.3.