Siku moja maishani mwangu: Jumamosi ya mpiga tarumbeta, Moshi

Saa 10:30 alfajiri. Kabla ya chai, kabla hata ya kuoga, nafungua faili la nota mezani na kuzihesabu karatasi. Leo tuna mazishi Machame asubuhi na harusi mjini Moshi mchana. Mimi ndiye ninayeongoza kundi la matarumbeta la usharika wetu, kwa hiyo karatasi za watu kumi na mmoja zinapita mikononi mwangu. Kila ukurasa una namba kubwa ya wino mwekundu kwenye kona ya juu. Naweka vibanio vya nguo ishirini na mbili, viwili kwa kila mtu, vya mbao, maana vya plastiki vimenivunjikia mara nyingi katikati ya ibada. Penseli nne, kichongeo, rula. Watu hudhani mpiga tarumbeta huharibikiwa mdomoni. Mimi nimeona wengi zaidi wakiharibikiwa kwenye karatasi.

Saa 12:45 asubuhi. Tumo ndani ya Hiace, tuba, chombo chetu kikubwa cha besi, imekaa kiti cha mbele. Simu inalia. Ni kijana wa kamati ya harusi: “Shikamoo Mwalimu. Bibi harusi ameomba wimbo huu wakati wa kuingia kanisani. Tunakutegemea.” Chini yake kuna picha tatu za nota. Sauti nne, ufunguo wa F, mapigo matatu, wimbo ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuupiga. Namjibu: “Marahaba. Tutaupiga.” Sikujibu hivyo kwa kujivuna. Yule binti ataingia kanisani kwa wimbo huo mara moja tu katika maisha yake, na sisi kazi yetu ni hiyo.

Saa 2:10. Tunasimama kwenye duka la steshenari njiani. Nawatumia picha, wanachapa, wanatoa nakala, wanazitia kwenye bahasha. Msibani wanatusubiri, napokea bahasha na kukimbilia gari.

Saa 4 kamili. Machame imefunikwa na ukungu, manyunyu yanadondoka kutoka kwenye majani ya migomba. Baridi hushusha mlio wa shaba, kwa hiyo tumesimama nyuma ya nyumba, kila mtu anapuliza hewa ya moto ndani ya chombo chake bila kutoa sauti, tusiwasumbue wafiwa. Kisha jeneza linatoka na tunatangulia mbele kwenye kinjia chembamba kinachoshuka kihambani, kwenye migomba ya ukoo. Hapo karatasi haina msaada. Huwezi kutazama nota na mizizi kwa wakati mmoja. Nyimbo za njiani nimewalazimisha wote waziweke kichwani, na nitaendelea kuwalazimisha hata wakininung'unikia.

Kaburini ndipo tunafungua mafaili. Ubeti wa pili, kijana wa sauti ya tatu anageuza ukurasa, kumbe unyevu umezigandisha karatasi mbili pamoja. Amejikuta kwenye wimbo mwingine kabisa. Tromboni yake inanyamaza, macho yake yanakimbia juu na chini kutafuta alipopotelea.

Hili ndilo ninalowafundisha kila wiki: usitafute ulipopotea. Wimbo umeshaondoka pale. Nenda kausubiri unakokuja, mwanzo wa mstari unaofuata, pale ambapo watu wote watavuta pumzi. Pumzi ni alama ambayo mvua haiwezi kuifuta. Nilipofika mwisho wa mstari nikainua mdomo wa tarumbeta kidogo na kuvuta pumzi kwa nguvu, asikie. Jirani yake akamnong'oneza, “Mstari wa tatu.” Akaingia nasi. Mama mfiwa alikuwa anaimba, amefumba macho, na sauti ya tatu ilikuwepo chini ya sauti yake alipoihitaji.

Saa 6:40 mchana. Tumekaribishwa ndizi na nyama. Sahani ikiwa magotini, nafungua bahasha ya wimbo mpya na kuwagawia. Mzee wetu wa tuba anaitazama yake muda mrefu.

“Mwalimu, hii yangu haina miguu.”

Kweli. Mashine imekata sehemu ya chini ya kila ukurasa, na iliyokatwa ni sauti ya nne, besi yote. Steshenari ni mbali na muda haupo. Kwenye simu picha bado ni nzima, lakini huwezi kumpa mzee wa miaka zaidi ya sitini asome kioo kidogo cha simu akiwa ameikumbatia tuba. Nikatoa rula, nikageuza karatasi tupu, nikachora mistari mitano, tena mitano, tena mitano. Nikanakili besi kwa penseli, vipimo thelathini na viwili vya mapigo matatumatatu, nota kubwa kama punje za mahindi. Nilipomaliza alizifuata kwa kidole moja baada ya nyingine, akatikisa kichwa kukubali. “Sasa inatembea.”

Wengine hawakukaa bure. Kabla mtu hajagusa kipulizio, kuna mambo nataka macho yayapitie. Kwanza ufunguo na mapigo. Kisha alama za kurudia: ziko wapi, na zinakurudisha wapi, kwa sababu huko ndiko makundi hugawanyika, nusu wakirudi na nusu wakiendelea mbele. Kisha mahali pagumu kuliko pote, hata kama ni vipimo viwili tu, na muda wote uliopo uutumie hapo badala ya kuuanza wimbo mwanzo mara tano. Wakapiga mapigo kwa vidole kwenye mapaja, wakabonyeza pistoni, vile vitufe vya tarumbeta, bila kupuliza. Mtu akinikosea nota moja hanitishi. Akinikosea mapigo anatuvuta wote shimoni, kwa hiyo siku ya kusoma papo kwa papo nawaambia washike mapigo kwanza, na nota ngumu wairuke kama hawaiwezi.

Saa 8:05. Nyuma ya kanisa mjini, jua linawaka. Mpigaji wetu mmoja wa sauti ya pili amesafiri, nafasi yake ameishika ndugu aliyejifunza kwenye bendi ya gwaride, mpigaji mzuri mwenye sauti safi kuliko yangu. Tukapiga akodi ya kwanza, sauti zote nne kwa pamoja, na ikatoka mbaya mno, ndege wakaruka kwenye mti.

Naifahamu sauti hiyo. Si kosa la mtu. Tarumbeta letu ukilipuliza bila kubonyeza kitu linatoa B flati, yaani B iliyoshushwa nusu toni. Mtu wa gwaride amefundishwa kwa mtindo wa Kiingereza kwamba nota hiyo inaandikwa C. Sisi wa kanisa tunaiandika kama inavyosikika, B flati, ili tarumbeta lisome karatasi ileile ya waimbaji na kinanda. Utaratibu huu umetoka Ujerumani. Aliyeueneza sana ni mchungaji Johannes Kuhlo, aliyezaliwa mwaka 1856, na huku kwetu Kilimanjaro Ulutheri uliletwa na wamisionari wa Leipzig waliofika mwaka 1893. Kwa hiyo mimi nikiona C ya chini nabonyeza pistoni ya kwanza na ya tatu, na yeye akiona C ileile habonyezi kitu. Tumeachana toni nzima, na kila mmoja yuko sahihi kwa mwalimu wake.

Nikamwambia: “Kaka, panda toni moja. Karatasi ina flati moja, wewe kichwani weka shapu moja, piga kama uko kwenye G.” Akacheka kwa furaha, akaomba penseli. Akaandika herufi juu ya nota za vipimo vinane vya kwanza, vilivyobaki akasema atavipandisha kwa macho. Tulipojaribu tena akodi ilikaa, na nilisikia mwili wangu wote ukitulia.

Saa 8:40. Milango inafunguliwa. Bibi harusi amemshika baba yake mkono, kanisa zima limesimama. Nahesabu tatu, tunaingia. Ukurasa wa kwanza unakwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Nageuza, na mbele yangu kuna ukurasa wa tatu. Karatasi za asubuhi hazikuwa na namba zangu nyekundu, nami nilizipanga kwa haraka.

Nilikuwa nimetua kwenye F ya mwisho wa mstari. Kwenye tarumbeta letu F nayo, kama B flati, haihitaji kidole hata kimoja, kwa hiyo mkono wangu wa kulia ulikuwa huru. Nikaishikilia F. Chini yangu mzee wa tuba akahamia B flati, na F imo pia ndani ya akodi hiyo, kwa hiyo bado nilikuwa nyumbani. Kwa mkono wa kulia nikabana kibanio, nikavuta karatasi, nikaipachika ya pili mbele. Mpigo mmoja kabla besi haijakwenda C, ambako F yangu ingesikika kama mlango uliokwama, vidole vilikuwa vimerudi kwenye pistoni. Yule ndugu wa gwaride aliona yote. Alikuwa ameiongeza sauti yake kidogo ili wimbo usikose kichwa, na niliporudi akaishusha. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Bibi harusi alifika madhabahuni kwenye kipimo cha ishirini na nane. Tulibakiza vinne, tukavimalizia taratibu.

Saa 11 jioni. Nyuma ya pikapu, mbele ya gari la maharusi, kuelekea ukumbini. Hapa hakuna nota, upepo ungezipeleka Himo. Tunapiga tunazozijua na watoto wanakimbia pembeni.

Saa 1:15 usiku. Waliobaki ni vijana wanne, nami nimechoka hadi midomo, lakini zoezi la Jumamosi silifuti. Nafungua kitabu cha nyimbo ukurasa wowote wasioujua, nawapa nusu dakika ya kutazama, kisha tunapiga mara moja, polepole, bila kusimama hata ikitokea nini. Yule wa sauti ya tatu akapotea kwenye kipimo cha saba. Nilimwona akiyaondoa macho pale alipopotelea, akayapeleka mwanzo wa mstari wa chini, akasubiri na tromboni mdomoni. Tulipovuta pumzi, akavuta nasi.

Saa 3 usiku. Karatasi za Machame zimelowa. Nimezitandaza mezani mojamoja, nimezifunika kwa kitambaa na kuweka sahani juu zisijikunje. Ile ya besi niliyoichora kwa mkono nimeitia kwenye mfuko wa plastiki. Nimeiandika namba nyekundu.