Chini ya Kichaka na Pembeni Yake

Anayetaka kulielewa jangwa na achimbe mara mbili: kwanza chini ya kichaka, kisha hatua tatu pembeni, palipo wazi. Nimefanya hivyo mara nyingi, na mkono hutambua tofauti kabla ya jicho. Chini ya kichaka udongo ni mwepesi, umechanganyika na majani yanayooza. Pembeni umekauka na kushikamana juu kama kigae.

Husemwa kwamba mimea ya jangwani inasumbuliwa na uhaba wa maji tu, nami naona kauli hiyo inaficha nusu ya habari. Wakati wa kiangazi kirefu vijidudu vya udongoni hulala, mizizi haifyonzi kitu, na nitrojeni, kirutubisho ambacho mimea hukijengea majani, hubaki ikisubiri. Mvua ya kwanza ikinyesha, vijidudu huamka ndani ya saa chache na kuanza kuachilia nitrojeni kwa wingi, jambo ambalo mtafiti wa udongo H. F. Birch alilieleza mwaka 1958. Mvua ikiendelea kunyesha, nitrojeni hiyo hutumika ikapungua huku maji hayawi tena kikwazo, na hapo ndipo upungufu wa nitrojeni hujitokeza: nyasi zina unyevu wa kutosha, lakini hazina cha kujengea majani.

Nyasi hutegemea zaidi maji ya juujuu, ilhali vichaka vingi huyafuata yaliyopenya chini. Mizizi ya prosopis, kichaka cha miiba cha jamii ya kunde, iliwahi kukutwa kwenye kina kinachozidi mita 50. Tena prosopis hushirikiana na bakteria wanaonasa nitrojeni ya hewani, msaada ambao nyasi nyingi za jangwani hazina kwa kiasi hicho.

Katika bonde la Jornada, New Mexico, nchini Marekani, mbuga za nyasi za karne ya 19 zimegeuka vichaka kwa sehemu kubwa, baada ya malisho kupita kiasi na ukame. Nyasi zikiisha, upepo na maji yatiririkayo huhamisha udongo wenye rutuba kutoka palipo wazi hadi kwenye mashina ya vichaka, na rutuba iliyokuwa imeenea kote hujikusanya katika visiwa vidogo. Mbegu ya nyasi ikiangukia katikati ya visiwa hivyo, hukuta maji yanapita bila kuingia na nitrojeni imekwishahama, kwa hiyo hata mwaka wa mvua nyingi hauirudishi mbuga. Watafiti wa huko wamejaribu kuweka vizuizi vidogo vya wavu palipo wazi, na nyuma yake majani makavu, udongo na mbegu huanza kunaswa.